Jua Lililotangulia Kuhama

Mwalimu Domitila alifundisha jiografia kwa saa ya mkononi na macho ya watoto. Kila Juni aliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu uwanjani, juu kwenye baridi ya Ngorongoro, wakiwa wamejitanda shuka juu ya sweta, waandike jua limechomoza saa ngapi na limezama saa ngapi. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri ya mahali ulipo. Kadiri inavyopitiliza saa sita, ndivyo ulivyo mbali zaidi magharibi. Miaka yote jibu, kwenye ramani, liliangukia shuleni, au kwenye zizi la jirani.

Mwaka huu liliangukia mashariki kabisa, kwenye nchi ya joto ambako wakubwa walikuwa wamewajengea watu wa kata ya shule hiyo nyumba ambazo hawakuziomba.

"Mmeangaliziana," alisema Domitila.

"Hapana, madam," alijibu Nareyu, aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wote. "Jua ndilo linawahi."

Kesho yake Domitila alidamka akaangalia mwenyewe. Jua lilichomoza dakika kumi kabla ya wakati wake. Ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli ya watalii, kulikuwa bado giza, na wapishi walikaanga mayai kwa mwanga wa taa. Tangazo la kuifuta kata na kuwahamisha watu wake lilikuwa limebandikwa wiki iliyotangulia. Jua lilikuwa limetii. Watu walikuwa bado.

Hakuna aliyelizungumza sana. Jioni giza liliingia ng'ombe wakiwa njiani, na fisi walilizoea jambo hilo mapema kuliko wachungaji. Baba yake Nareyu, mzee Parsimei, aliwahisha mifugo zizini na kuendelea kukataa kuhama. Hakutoa sababu. Mtu kudaiwa sababu ya kukaa kwake ni matusi, naye hakuwa na tabia ya kujibu matusi.

Domitila alikusanya kazi za wanafunzi, akateremka nazo Karatu, kwenye ofisi ya uhamisho. Aliamini wakiona hata jua limeporwa, wataona haya. Afisa aliyeitwa Jackson alizipitia zote, akalinganisha na ramani ya simu yake, akafurahi.

"Kazi nzuri sana, mwalimu. Kumbe hawa wameshahama."

"Wako kwao. Asubuhi nimekunywa chai kwa mzee Parsimei."

"Kwa jua la wapi?"

Domitila aliomba arudishiwe zile kazi, akaambiwa sasa ni vielelezo. Njia nzima alijilaani, kisha akamlaani Jackson, na hasira haikupungua upande wowote.

Alhamisi tingatinga lilifika kwa mzee Parsimei, kwa kuwa nyumba isiyo na mtu huvunjwa. Mzee alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda. Dereva alishuka akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akamwomba asogeze kigoda kidogo. Mzee hakusogea. Askari wawili walimbeba yeye na kigoda chake, wakamweka kando taratibu, kisha nyumba tupu ikabomolewa, na sufuria ya maziwa ikiwa jikoni. Ulikuwa unyama mtupu, na ulifanywa kwa adabu zote.

Ijumaa Nareyu alikuja darasani na vumbi kwenye shuka. Alikuwa amepima jua akiwa juu ya kifusi, kuzama kwake jana na kuchomoza kwake leo, na jibu lilikuwa kulekule mashariki.

"Madam, nimekosea wapi?"

Domitila alirudia hesabu. Akairudia tena, akitafuta kosa kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye majani, akitamani liwepo hata moja. Halikuwepo. Aliweka vema kwa kalamu nyekundu, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, akampa maksi zote, akamrudishia.