Karatasi ya Pili

Siku hizi, hata ukienda kuomba kazi ya kufungua geti, utaulizwa kama unajua Excel. Bwana Stoo alikuwa shahidi. Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha magodoro alikotunza stoo miaka na miaka. Kiwanda kikafungwa, stoo ikaenda, jina likabaki. Tangu hapo yeye na mkewe waliishi kwa mama mkwe, na kila tangazo la kazi alilosoma liliishia palepale: mwombaji awe anaijua Excel vizuri. Yeye alijua kupanga magodoro mpaka darini bila hata moja kuanguka, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba katika nyumba nzima aliyeijua Excel alikuwa mama mkwe. Mama huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Kazi alishastaafu, ila tabia ya kuwapangia watu zamu ilikataa kabisa kumtoka. Zamu za nyumbani alizipanga kwenye kompyuta: nani anaosha vyombo, nani anadeki, nani anatoa taka. Aliyefanya, kisanduku chake kinakuwa cha kijani. Aliyekwepa, chekundu, na pembeni neno la kumsuta.

Bwana Stoo akameza aibu, akamwomba amfundishe.

"Kaa hapa, mwanangu," mama mkwe akasema, akimsogezea kiti. "Na hicho kipanya usikikabe hivyo, hakikimbii."

Wakawa wanakaa kila jioni baada ya kula. Fomula ikikataa, jasho linamtoka. Ikikubali, anamwita mkewe kutoka jikoni aje ashangae. Mkewe alishangaa kwa hisani, mara nyingine bila hata kutazama.

Kisha kiwanda cha mikate kikatangaza nafasi ya mtunza stoo. Kila mwombaji alete kwenye flashi kazi yake mwenyewe ya Excel. Akiipata nafasi hiyo, yeye na mkewe wangepanga vyumba vyao wenyewe na kuacha kubanana kwa watu. Akatengeneza jedwali la stoo ya kubuni, la unga, sukari na hamira, akalitia kwenye flashi, akapiga shati pasi, akaenda.

Meneja alikuwa mwanamke mwenye miwani ya mnyororo. Alichomeka flashi, akalipitia jedwali polepole.

"Si mbaya," akasema. Akabonyeza chini ya kioo. "Na hii karatasi ya pili?"

Bwana Stoo hakuwa na habari ya karatasi ya pili. Alikuwa amejifunzia ndani ya faili la mama mkwe, akidhani anabeba ule ukurasa anaouona tu. Kumbe amebeba nyumba nzima.

Meneja akaanza kusoma kwa sauti. "Mkwe, vyombo. Jumatatu: amekwepa. Jumanne: amekwepa, eti mgongo. Jumatano: amejifungia bafuni." Akavua miwani. "Huyu mkwe ni nani?"

Angeweza kusema ni mfano tu. Lakini wekundu ule ulikuwa mwingi mno kuwa wa kubuni.

"Ni mimi," akasema, akiviona vyumba vyake vikimponyoka.

"Na aliyeandika?"

"Mama mkwe wangu."

"Nipe namba yake."

Simu ikawekwa mezani, spika wazi. Meneja akajitambulisha, akasema, "Mama, mkwe wako yuko hapa anaomba kazi. Kwenye jedwali lako umeandika anakwepa kazi. Ni kweli?"

"Jedwali langu limefikaje huko?"

"Amelileta mwenyewe."

"Jamani, huyu mtoto! Sikiliza, mwanangu. Vyombo anakwepa, sitakudanganya. Akiona sinki tu, mgongo unamuuma. Lakini Excel nimemfundisha mimi, na hakukwepa hata siku moja. Wasichana wangu wa bweni walikuwa wananitoroka. Huyu, mimi ndiye ninayesinzia, yeye ananiamsha: mama, hebu tena."

Bwana Stoo aliinamisha kichwa. Siku zote alidhani machoni pa mama huyu yeye ni kisanduku chekundu, basi.

Meneja akacheka, akamshukuru mama, akakata simu.

"Wadhamini wote ninaowapigia huniambia mtu wao ni malaika," akasema. "Wa kwanza kuniambia ukweli ni huyu. Kaka, anza Jumatatu. Bahati yako stoo yetu haina sinki."

Nyumbani alimkuta mama mkwe mbele ya kompyuta, na mkewe akipakua chakula. Alitaka kushukuru. Akakunja mikono ya lile shati la pasi, akaingia jikoni, akaosha vyombo vyote, hata masufuria yaliyoungua. Alipomaliza, alikuja kusimama nyuma ya kiti cha mama mkwe, akikodolea macho kisanduku chake.

"Unangoja kijani?" mama mkwe akauliza bila kugeuka. "Hivyo vilikuwa vya jana, mwanangu. Vya leo ndiyo kwanza tunakwenda kuvichafua. Njoo ule."