Mnara wa Saa Uliokuja Kilburn

Jumamosi asubuhi Restuta alitoka na beseni la nguo kwenda kuanika, akakuta mnara wa saa umesimama uani, kati ya pipa la taka na kamba ya nguo. Mnara mzima wa mawe, na jogoo wa chuma juu anayeonyesha upepo. Kamba ilikuwa imesukumwa pembeni kidogo lakini haikukatika.

Jambo la kwanza alilowaza Restuta ni kwamba ua haujafagiwa.

"Koku!" aliita. "Njoo umsalimie mgeni."

Koku, bintiye wa miaka kumi na mmoja, alitoa kichwa dirishani, mswaki mdomoni. "Mum, that's the Marlbury clock."

"Shikamoo kwanza, Kiingereza baadaye."

"Shikamoo," Koku aliuambia mnara.

Kosa lilikuwa la Restuta mwenyewe, na alilijua. Wiki moja kabla walipanda treni mpaka Marlbury, mji mdogo wa soko nje ya London, wenye shule ambayo kila mzazi anaililia. Koku alikuwa ameufaulu mtihani wao, tena vizuri. Bwana wa ofisini, mwenye tai ya kijani, alimpongeza, akampa mpaka biskuti. Kisha akasema nafasi hakuna. Mwanafunzi lazima akae ndani ya maili tano kutoka mnara wa saa wa mji, na Kilburn, mtaani kwao London, ni mbali.

Basi wakatoka, wakakaa kwenye kivuli cha mnara huohuo, wakala chapati zao zimeshapoa. Wakati wa kuondoka Restuta aliupapasa ukuta, akasema kama alivyolelewa kwao Bukoba: "Haya, tunashukuru. Siku moja na wewe ukaribie kwetu."

Watu husema hivyo kila siku. Wengi hawaji.

Praful, mwenye duka la kona, mzaliwa wa Mwanza, alichungulia juu ya ukuta.

"Mama Koku, huyu anakaa mpaka lini?"

"Mgeni anaulizwa hivyo?"

"Nauliza tu. Kengele usiku kucha! Mke wangu Kokila akiamka na mimi naamshwa, kwamba kwa nini nimelala."

Restuta akaongea na mnara, nao ukapunguza sauti. Kufikia Jumatano ulishazoea nyumba, ukaanza kupiga saa za Kiswahili: saa moja asubuhi, kengele moja. Nusu ya mtaa ikachelewa kazini. Restuta hakuchelewa.

Akampigia simu bwana wa tai ya kijani. "Mnara wenu uko uani kwangu. Nauona hapa nikikaanga mayai."

Bwana yule hakubisha, maana shimo lililoachwa na mnara alilipita kila siku. Alisema tu kwamba kuanzia wiki hiyo wanapima kutoka msalaba wa mawe wa soko la Hexby, mji jirani. Marlbury na Hexby haziivi chungu kimoja tangu zamani, kila moja inasema soko lake ndilo la kwanza. Ila kwa jambo hili zilielewana upesi.

Jumamosi Restuta na Koku wakaenda Hexby na sambusa. Jumapili msalaba ukafika. Uani hapakuwa na nafasi tena, ukafikia dukani kwa Praful, kati ya magunia ya sembe na madebe ya mafuta. Praful akautundikia mikungu ya ndizi.

"Mgeni wako, Mama Koku, lakini analala kwangu!"

"Kwani anakoroma?"

"Hapana. Ni mtu mzuri. Kidogo baridi."

Simu ya pili, bwana yule akasema sasa wanapima kutoka lango la shule yenyewe. Restuta akavuta pumzi, akapika ndizi na nyama, akapanda treni. Alisimama mbele ya lango, akasema, "Karibuni nyote."

Jumatatu iliyofuata shule ilikuwa imefika. Ilijibana kwenye maegesho ya magari pembeni ya nyumba, uwanja wa kriketi umekunjwa nyuma yake kama mkeka, na dirisha la darasa moja likagusana na dirisha la chumba cha Koku. Wanafunzi wakaletwa kwa basi kutoka Marlbury, wanasinzia. Restuta alimsuka Koku, akampaka mafuta miguuni, akamshika mkono mpaka langoni.

Bwana wa tai ya kijani alikuwa pale, macho mekundu kwa kuamka mapema.

"Hongera, mama," alisema. "Kweli mnakaa karibu kabisa. Ila hii ni shule ya watoto wa Marlbury. Na Marlbury, kama unavyojua, ni mbali mno na hapa."

"Umekunywa chai, baba?" Restuta aliuliza.

"Bado."

Akamletea chai ya maziwa na tangawizi. Alikuwa mgeni. Bwana yule akaimaliza, akaisifu, akarudisha kikombe, akafunga lango.

Koku akarudi chumbani kwake. Kwenye dirisha la darasa lililogusana na lake, mwalimu alikuwa ameuliza hesabu ya sehemu, na darasa zima limenyamaza. Koku akataja jibu. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akalirudia. Mwalimu akampigia makofi, akasema hao ndio watoto wa Marlbury.

Kisha akaja akafunga dirisha, taratibu, asije akambana Koku vidole.