Chumvi ya Hombolo

"Biashara nimezaliwa nayo," Mwamvua alipenda kuwaambia wanawake wenzake wa Kondoa, kisha akaongeza mwenyewe, kabla hawajamwongezea, kwamba aliwahi kuuza mbuzi mwenye mimba kwa bei ya mbuzi mmoja.

Miaka ile Wadachi walikuwa wameshajenga boma Mpwapwa. Mwamvua aliingia shirika la chumvi na Shaaban: mali ni ya Mwamvua, punda na miguu ni ya Shaaban. Shaaban akarudi safari na habari. Kondoa mauzo yako palepale, Mpwapwa yamepanda kidogo, Hombolo yamekua mara tatu.

Mwamvua akafasiri papo hapo: Wagogo wa Hombolo sasa wanashiba, na aliyeshiba ndiye anayechagua ladha. Shaaban alipofungua kinywa kueleza, akamkatiza. Yeye atembee, kufikiri amwachie mwenye mali. Akauza mbuzi wake wote, isipokuwa beberu mmoja mzee aliyekataliwa na kila mnunuzi, akanunua chumvi. Akamtanguliza Shaaban kutangaza bei mpya, ya juu. Yeye akafuata na punda, njia nzima akijichagulia rangi za kanga.

Hombolo ilimpokea kimya. Hakuna ng'ombe aliyelia. Juu ya mapaa ya matembe zilitandazwa ngozi, na kwenye kila kamba vilining'inia vipande vya nyama vilivyopakwa chumvi. Chumvi yake. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imepita zizi kwa zizi, na watu walikuwa wakiokoa nyama isioze yote, wapate cha kuwapa watoto njaa itakapokuja.

Uso ulimwaka. Alitaka kugeuza, lakini punda walizoea mlango wa kupakuliwa mzigo. Wakaenda kusimama kwa mzee Matonya, mteja wa siku nyingi. Matonya alikuwa amekaa mbele ya zizi tupu, majirani wamemzunguka. Akamshukuru kwa chumvi iliyotangulia, kwa upole uliomchoma kuliko tusi.

"Poleni, baba," Mwamvua akasema, macho chini. "Nilisikia msiba wenu, sikupata usingizi. Mzigo huu wote nimewaletea rambirambi."

Majirani wakanong'onezana. Matonya akawatazama punda, akamtazama yeye.

"Mungu akuzidishie, binti yangu. Ila Shaaban yuko humo ndani tangu jana, anakunywa uji. Hebu tumwite, atutajie tena ile bei ya rambirambi."