Adabu za Mkao wa Maiti

Ukumbi wa yoga wa Mwalimu Keshava Bhatta, pale Mysuru, India, ulikuwa na adabu zake, na hazikuwa za mchezo. Viatu nje, simu imezimwa, tumbo tupu. Hukanyagi mkeka wa mwenzio hata kama umekosa pa kuweka unyayo. Na kubwa kuliko yote, mtu akishalala mkao wa maiti, ule wa mwisho wa kupumzika, haguswi wala haitwi mpaka kengele ilie. Wastaafu waliowahi kufokea ofisi nzima waliingia mle kama watoto wa chekechea.

Asubuhi hiyo Girijamma alimfuata mumewe mpaka penye viatu, mlangoni pa ukumbi, ndizi mkononi.

"Baba Nalini, kula hata nusu. Umeshachoma sindano."

"Tumbo tupu, mama. Sheria huijui?"

"Sheria haijui kama una kisukari."

Siku zote Puttaswamy alichoma sindano yake ya insulini, ile ya kushusha sukari, baada ya yoga, kifungua kinywa kikiwa mezani kinatoa moshi. Leo walikuwa wanapitiliza harusini kwa binamu yake, naye hakutaka kufunua tumbo ugenini, basi akajichoma nyumbani kabisa. Mbishi huyo! Kwake kuvunja utaratibu wa Mwalimu ilikuwa sawa na kutembea uchi sokoni.

"Na ukinifuata tena na ndizi mbele za watu," alisema kwa sauti ya chini, huku Nanjunda wa mtaa wa pili akivua ndara na kujifanya hasikii, "kesho utabaki nyumbani. Umenielewa?"

Girijamma alielewa. Akaitupa ndizi ndani ya kiatu chake na kuingia. Ila kwenye pindo la mtandio wake alikuwa amefunga kipande cha sukari guru, na hilo hakumwambia mtu. Chakula ndani ya ukumbi ni kosa, analijua. Alifunga fundo mara mbili.

Darasa lilikwenda vizuri. Wanaume mbele, wanawake nyuma, wakainama, wakajinyoosha, wakajipinda. Mwisho wakalala chali, mikono kando, macho yamefumbwa. Mwalimu alipita katikati ya mikeka bila viatu, kimya kama paka.

Girijamma alifumbua jicho moja. Kutoka alipolala aliuona mkono wa kulia wa mumewe. Vidole vilikuwa vinadonoadonoa ukingo wa mkeka, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Aliwahi kuviona vidole hivyo mara moja, jikoni kwake, na safari ile waliishia hospitali.

Labda ni usingizi, alijiambia. Mtu akisinzia hushtuka. Akisimama sasa na mwenzake akawa mzima, basi amemwaibisha mbele ya Mwalimu na mbele ya mtaa mzima, na hatasamehewa. Atabaki nyumbani kweli. Na mahali hapa alipapenda, Mungu anajua. Ndipo pekee ambapo hakuna aliyemwomba kahawa. Akajilazimisha kufumba macho. Kengele ilie tu. Mbona hailii?

"Msifumbue macho," Mwalimu alisema taratibu, "lakini jueni, leo yuko mmoja humu aliyefika. Mwili ameuachilia wote. Puttaswamy, hongera."

Girijamma akafumbua macho yote mawili. Vidole vilikuwa vimetulia.

Aliinuka. Baridi ya Desemba ilikuwa imewafanya watu wajifunike mashuka, lakini shati la mumewe lilikuwa limelowa mpaka mgongoni.

"Baba Nalini," aliita, karibu kunong'ona.

Mwalimu akaweka kidole mdomoni.

"Rudi mahali pako, mama. Aliyezama namna hiyo ukimshtua unamdhuru."

"Hajazama, Mwalimu. Sukari imeshuka."

"Amepumzika. Usimguse."

Kati yake na mumewe palikuwa na mkeka wa Nanjunda, uliopanguswa kabla ya darasa na ungepanguswa tena baadaye, na juu yake Nanjunda mwenyewe amejinyoosha. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, ndefu, hadi ukutani. Girijamma hakuzunguka. Aliweka mguu katikati ya mkeka, ubavuni mwa mwenyewe, akaruka.

"We mama! Mkeka wangu!"

Alipiga magoti. Shavu la mumewe lilikuwa baridi na linateleza kwa jasho, pumzi fupi. Akamgeuza alale ubavu. Fundo sasa likamgomea, lile alilolifunga mara mbili, mjinga yeye, akalifungua kwa meno.

"Chakula?" Mwalimu alisema. "Humu ndani?"

"Niache, Mwalimu!"

Ukumbi mzima ulikaa kitako. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo mzee yule. Girijamma alilikwangua lile donge kwa kucha, akaupaka unga ndani ya shavu la mumewe, kwenye fizi, akausugua kwa kidole.

"Baba Nalini! Baba Nalini, niitikie!"

Mwanamke wa rika lake hatamki jina la mumewe. Hata benki alikuwa akimpa karani kitambulisho asome mwenyewe. Tangu aolewe jina lile halijawahi kupita mdomoni mwake.

"Puttaswamy!"

Wanawake wa nyuma walishika midomo.

"Puttaswamy! Amka! Puttaswamy!"

Hapo Mwalimu naye alipiga magoti, akakishika kichwa cha mwanafunzi wake. "Simu!" alipiga kelele, yeye aliyezipiga marufuku. "Nani ana simu? Iteni gari la wagonjwa!" Nanjunda ndiye aliyekimbia nje, na mikeka aliyoikanyaga njiani hakuna aliyeihesabu.

Girijamma aliendelea kusugua na kuita. Muda ulikuwa mrefu, mrefu wa kumchosha mtu maisha yake yote. Kisha ulimi ukagusa kidole chake. Ukalamba. Macho yakafunguka, yakatangatanga kwenye dari, yakashuka kwake.

"Nani… nani ameniita?"

"Mimi."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Alifikiri kwa taabu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Akatazama miguu ya mkewe, akatazama mkeka wa jirani uliokunjamana.

"Na umekanyaga mkeka wa Nanjunda," alisema.

Girijamma alitamani kumzaba kibao, alitamani kumkumbatia. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Akamtia mdomoni kipande kilichobaki.

"Na kesho nitaukanyaga tena," alisema. "Tafuna, Puttaswamy."

Akatafuna.