Somo la Saba: Maporomoko ya Ardhi

Simu ilikuwa moja, wanafunzi arobaini na mmoja. Kila asubuhi mwalimu wa jiografia aliingiza namba ya mwanafunzi wa kwanza, akafungua somo, akaliacha liende mpaka mwisho, akalifunga, akaingiza namba ya pili. Wakubwa walikwisha kusomba vitabu vyote wakisema sayansi ya dunia sasa iko mtandaoni. Kompyuta walizoahidi hazikufika. Aliyefika ni mkaguzi wa kuhesabu waliosoma.

Alikaa mbele ya darasa, mguu juu ya mguu, macho kwenye kishikwambi chake, ambako namba ya kila aliyemaliza iligeuka kijani.

"Namba zote ziwe kijani kabla ya saa sita, mwalimu. Mpaka hapo hatoki mtu."

Kilimani, nyuma ya ukuta, machimbo ya kokoto yakalipua baruti. Vumbi likawamwagikia vichwani. Hakuna aliyeinua macho; walishazoea.

Leo, mbele ya mkaguzi, kila mwanafunzi alishika simu mwenyewe. Zamu ikafika kwa msichana waliyemwita Kasuku kwa domo lake. Akasoma swali kwa sauti: "Ukiona ufa mpya juu ya mteremko, na miti imeinama, utafanya nini?" Kisha akanyamaza. Hilo peke yake liliwashtua wenzake.

"Mwalimu, ufa kama huo uko hapa juu yetu. Jana nimeingiza mkono mpaka kwapani."

"Jibu swali, binti," mkaguzi akasema.

"Jibu ni kuondoka."

"Basi bonyeza."

"Nimeshabonyeza, mzee. Sasa tuondoke."

Darasa likaangua kicheko, kisha likasimama. Mkaguzi akaruka mlangoni. "Kaeni chini! Hilo ni swali, si amri! Mlinzi!"

Mlinzi wa shule alikuwa akila mkate wa mwenye machimbo, na rungu lake lilijua hivyo. Lilimshukia Kasuku begani. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Lilipopanda tena, mwalimu aliweka mkono wake katikati. Vidole viwili vikavunjika. Akamrukia mlinzi, akamng'ata kifundo cha mkono mpaka akaonja damu.

"Dirishani, wanangu! Tokeni!"

Wakatoka. Wengine waliacha ngozi ya magoti kwenye vioo. Nyuma yao buti lilimpata mwalimu tumboni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mkaguzi akiita polisi: "Kuna mwalimu hapa anachochea watoto."

Kilima hakikuporomoka siku ile. Polisi walimtupa mwalimu garini kama gunia, wakaondoka. Watoto walikuwa wameketi ng'ambo ya barabara, Kasuku katikati, mkono umefungwa kwa shati la mwenziwe.

"Namba kumi na tisa bado hazijawa kijani!" mkaguzi akafoka. "Rudini ndani. Nahesabu mpaka tatu."

Akahesabu. Akafika tatu. Hakuinuka hata mmoja.

Kishikwambi chake kilikuwa kimebaki darasani. Alikifuata mwenyewe, mbio, shingo kaipinda, macho hayabanduki kilimani.