Askari Mmoja wa Kijani

Nilichokiona kwanza ni yule askari mmoja. Kijani alikuwa amepeleka jeshi lake lote mbele, akamwacha mmoja tu kwenye kona ya ramani, mahali pasipo na adui.

Mimi na kaka tunapiga pasi nguo za watu. Pasi zikiwa zinapata moto, tunacheza vita mtandaoni, kila mtu na simu yake, pamoja na watu tusiowajua. Siku hiyo tulikuwa tumebaki watatu: kaka Nyekundu, mimi Njano, na huyo Kijani.

"Mdogo wangu, tumbane," kaka alisema. "Wewe kushoto, mimi kulia. Akishakufa tunatoka sare wawili, tunatamba mtaa mzima."

"Na akiomba sare ya watatu?"

"Aombe. Kuku naye huomba, unamsikiliza?"

Nikacheka, lakini jicho langu lilirudi kwenye ile kona. Mama alitufundisha mchezo kama huu kwenye kipande cha boksi, kwa vifungo vya mashati. Kila mara aliacha kifungo kimoja kwenye kona. "Mmoja abaki nyumbani," alikuwa akisema, "mlango usikae wazi." Mama alikufa kabla hatujanunua simu.

Ujumbe wa Kijani ukaingia kwangu: "Tutoke sare wote watatu. Mwambie kaka yako aache ubishi."

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba Nyekundu ni kaka yangu.

"Simshambulii," nilisema.

"Umelogwa? Bila wewe simwezi!"

"Tazama kona."

Akaivuta ramani kwa vidole mpaka kona ikajaa kioo. Utani ukamwisha usoni. Sare haipiti mpaka wote wakubali. Mimi nilikuwa nimeshakubali, Kijani pia. Kaka akafuta kidole kwenye shati la mteja, akabonyeza.

Mchezo ukafungwa. Ukabaki ujumbe mmoja, safari hii kwenye simu zote mbili: "Haya, wanangu. Fungeni mlango, baridi inaingia."

Tukageuka. Mlango ulikuwa wazi kweli, na nguo zilizotundikwa zilikuwa zinacheza kidogo, ingawa nje hakukuwa na upepo. Kaka akaenda akaukomea. Pasi niliyoisahau ikaanza kuunguza kitambaa cha meza.

Alipokwenda kunawa uso, nikalivuta komeo taratibu, nikauacha mlango wazi. Sijamwambia mpaka leo. Na maneno niliyotaka kusema pale sikuyasema. Nayasema sasa: Mama, usibaki nje. Ingia.