Gauni Lililopimwa kwa Sanamu

Karakana yao ya nguo ilikuwa na utaratibu, na mbunifu aliujua kama jina lake. Muulize atakayevaa. Chora, shona sampuli, mvalishe mtu akae, alale, ainuke. Rekebisha, ndipo ukate kitambaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake, tena akiwanyooshea kidole.

Lakini hospitali ilipoagiza magauni ya wagonjwa, bibie alikuwa na haraka. Aende wodini kuuliza watu? Wagonjwa wana lipi la kusema kuhusu mitindo! Akalivisha sampuli sanamu la kupimia nguo pale karakana, akafunga kamba za mgongoni kwa mikono yake, akarudi nyuma kidogo, akapendezwa.

"Limekaa vizuri," akasema. "Kateni."

Sanamu halikubisha. Halina kichwa, halina mikono, na tangu liletwe halijawahi kuketi. Huyo ndiye mshauri aliyemchagua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila safari hii aliingia mama mtu. Aliteleza bafuni, akaumia bega, akalazwa hospitali hiyohiyo.

Mbunifu alimkuta anatoka msalani, amejibana ukutani, mkono mzima umeshikilia gauni kwa nyuma. Kamba zilikuwa zinaning'inia. Kwenye kitanda cha jirani, bibi mmoja alikuwa amejifunga shuka juu ya gauni. Dirishani alisimama mwingine, mkono nyuma vilevile. Wodi nzima ya watu wazima, mama za watu, wanajisitiri kwa viganja! Mbunifu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alipomwona, uso ukachanua. "Jamani, mwanangu huyu hapa! Si niliwaambia? Magauni haya kayabuni yeye!"

Wodi ikamtazama. Kisha bibi mwenye shuka akasema taratibu, "Hongera, mwanangu." Hongera ile ilimchoma kuliko tusi.

Alimsaidia mama kuketi, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanzia pale alipotakiwa kuanzia tangu mwanzo.

"Mama, gauni hili linakusumbua wapi?"

"Linisumbue nini? Zuri mno!" mama akajibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, mkono bado uko nyuma. Halafu akainama, akamnong'oneza, "Nifunge hapo mgongoni, mwanangu. Tangu asubuhi naona aibu kumwomba mtu."